Presha iliyogoma kushuka: kisa cha mama kutoka Nyarugusu hadi Louisville

Kwenye faili la kliniki paliandikwa mstari mmoja mfupi: mgonjwa anakiri kwamba siku za kazi hanywi dawa za presha. Mstari huo haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Uongo mtupu mtu angeugundua mapema. Huu ulikuwa na chembe ya ukweli, ukaaminiwa, na kila aliyefungua faili baada ya hapo aliusoma kabla hajamtazama mama mwenyewe usoni.

Kisa hiki kimeshonwa kwa mambo yanayojirudia kwa Wakongomani wanaohamia Marekani. Mama huyu si mtu mmoja anayeweza kutajwa, na namba za vipimo vyake ni za mfano. Dawa, dozi, taratibu na sheria ni za kweli, na namna dawa zilivyogombana mwilini mwake ndivyo zinavyogombana kwa yeyote.

Mama ana miaka 54, Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika miaka ya tisini akafikia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Presha aligunduliwa nayo hukohuko kambini. Kwa miaka sita alikunywa amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazidi miligramu 25 kila siku, na presha ikatulia. Oktoba 2023 alitua Louisville, Kentucky, pamoja na binti yake na mjukuu wa miaka 13.

Kabla ya safari alipimwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kama wote. Kila mwenye miaka 15 na kuendelea hupigwa picha ya kifua. Wakati huo, 2023, waliotolewa damu kupimwa maambukizi ya TB walikuwa watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaotoka nchi zenye TB nyingi. Mtu mzima ambaye mapafu yake yalikuwa safi kwenye picha alipita bila kipimo hicho cha damu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye vijidudu vya TB vilivyolala aliweza kupanda ndege bila yeye wala daktari kujua, na akasikia neno TB kwa mara ya kwanza akiwa ugenini. Mama alipewa pia albendazoli ya minyoo, prazikwanteli ya kichocho, na dozi ya malaria ya siku tatu, kisha akakabidhiwa ule mfuko wa IOM wenye picha ya kifua kwenye sidii, kadi ya chanjo na karatasi za vipimo. Presha yake siku hiyo ilisoma 138/84.

Wiki ya tatu Louisville alifanyiwa uchunguzi wa wakimbizi wapya: damu, chanjo, ini, na maswali ya afya ya akili. Presha 136/82. Hadi hapo hakuna shida. Kipimo cha damu cha TB kikarudi chanya.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulibishia: "Mimi nilichanjwa, hii hapa alama begani, ndiyo maana kipimo kimesema ndiyo." Hoja hiyo ina mashiko kwa kile kipimo cha zamani cha kuchoma ngozi ya mkono. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo ya BCG, ile ya TB. Mama alipelekwa kliniki ya TB ya idara ya afya ya kaunti, picha mpya ya kifua ikatoka safi, ini likapimwa likawa sawa, homa ya ini B hana. Hitimisho: vijidudu vipo, vimelala, haambukizi mtu. Jumatatu ya tarehe 4 Desemba 2023 akaanzishiwa rifampisini, ambayo kwenye chupa za Marekani huandikwa Rifampin: vidonge viwili vya miligramu 300 kwa mkupuo, mara moja kwa siku, kwa miezi minne, jumla dozi 120.

Muuguzi wa kliniki ya TB alifanya kazi yake vizuri. Alitumia mkalimani wa simu, akamweleza kwamba mkojo, jasho na hata machozi vitageuka rangi ya machungwa na kwamba hilo halina madhara, ila mkojo ukiwa mweusi kama koka, macho yakigeuka njano, au chakula kikimshinda kwa kichefuchefu, aache dawa siku hiyohiyo na kupiga simu. Alimwambia ameze tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Mama alishika yote. Hakuruka hata dozi moja. Uaminifu wake kwa dawa ya TB ndio uliomharibia presha.

Rifampisini ina tabia moja inayojulikana na kila mfamasia: inaliamsha ini. Vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine huongezeka, kazi inaanza ndani ya siku chache, na baada ya wiki moja hadi mbili ini linavunja baadhi ya dawa haraka kiasi kwamba kinachobaki kwenye damu ni kama masalia. Amlodipini ni mojawapo ya dawa hizo. Mama alikuwa akimeza miligramu 10 kila siku, lakini mwili ulibaki na sehemu ndogo tu. Dawa ya kukojoza, ile haidroklorothiazidi, haipitii njia hiyo. Hutoka kupitia figo, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi, siku zile alizoimeza.

Ziara ya kwanza ya presha ilipangwa katikati ya Desemba. Hakufika, au tuseme alifika wakati hakuna aliyemtarajia. Ujumbe wa simu ulisema 8:00. Mjukuu, anayesoma hesabu kwa Kiingereza shuleni, alisoma nane akamwambia bibi: "Saa nane." Bibi akajiandaa, akapanda basi, akafika saa nane mchana. Apointimenti ilikuwa saa mbili asubuhi. Tofauti ni saa sita, daima ni saa sita, na kosa hili huwapata hata wakalimani waliolelewa na saa ya Kizungu. Kwenye kompyuta ikaandikwa hakufika. Kliniki nyingi zina idadi ya kutofika ambayo ikizidi mgonjwa huondolewa kwenye orodha ya daktari, kwa hiyo si jambo dogo.

Dawa ya kosa la saa haigharimu kitu. Mkalimani au kesiwaka, yule msaidizi wa shirika la wakimbizi, asiishie kutaja saa. Aifunge kwenye kitu: "saa mbili asubuhi, watoto wakishaondoka shuleni," halafu amwombe mama airudie kwa maneno yake. Kwenye karatasi ichorwe saa yenye mishale. Mishale haina lugha.

Mwishoni mwa Desemba alipofika hatimaye, mashine ilisoma 168/98. Wiki tatu baadaye, Januari, 178/104. Hiyo ndiyo siku ya ule mstari.

Mkalimani wa simu alisubiriwa dakika ishirini, laini ikakatika, na mjukuu alikuwepo. Daktari akauliza kama anatumia dawa zote kila siku. Kijana akamgeukia bibi yake: "Bibi, anauliza kama unakunywa dawa zote." Akajibu: "Nakunywa zote. Siku za kazi tu ndiyo naacha kale kadogo ka kukojoza, maana kule kazini hawakubali mtu kutokatoka." Kijana wa miaka 13 hataki kutaja mkojo wa bibi yake mbele ya daktari wa kike. Akafupisha kwa Kiingereza: siku za kazi hanywi dawa. Mama alikuwa akifanya kazi siku tano kwa wiki. Daktari alipiga hesabu ya haki kabisa: mtu anayemeza dawa siku mbili kati ya saba, presha 178 haishangazi.

Sheria haikumruhusu kumtumia mtoto. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinakataza kumfanya mtoto mkalimani isipokuwa pana hatari ya papohapo na mkalimani hapatikani, na Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zitoe ukalimani bila malipo. Mgonjwa ana haki ya kusema: tusubiri, au tupange siku nyingine. Wachache husema hivyo. Mtu aliyepanga foleni kambini miaka ishirini na kitu hazoei kumwambia daktari asubiri.

Na hata mkalimani mtu mzima wa simu si dawa ya kila kitu. Baadhi ni Wakenya au Watanzania wenye Kiswahili cha darasani. Ukimwambia Mbembe "shinikizo la damu" ataitikia kwa adabu tu. Kongo wanasema tansio, Nyarugusu wakazoea presha. Kinyume chake nacho ni kibaya zaidi. Katika yale maswali ya afya ya akili mama alisema ana mawazo mengi na usiku hasinzii. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno kwamba mama huyu hufikiri sana, na mwuliza maswali akaliandika kama sifa njema. Msomaji wa Kiswahili anajua "mawazo mengi" maana yake nini. Ilichukua miezi sita kabla mtu hajauliza tena, na kukosa usingizi peke yake hupandisha presha.

Kwa nini aliacha kidonge cha kukojoza siku za kazi? Swali hili halikuulizwa, na jibu lake lilikuwa rahisi. Mama alipata kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali, zamu ya kuanzia saa tisa unusu alasiri hadi usiku. Kazi ya kusimama, joto la mashine za kukaushia, mapumziko mawili ya dakika kumi na moja ya nusu saa. Kwa kuwa dawa ya TB inataka tumbo tupu, aliitenga asubuhi peke yake na kuzisogeza dawa za presha baada ya chakula cha mchana, kama alivyozoea kumeza dawa na ugali tumboni. Haidroklorothiazidi huanza kuvuta mkojo baada ya saa mbili hivi, hukolea baada ya saa nne, na hutulia kati ya saa sita na kumi na mbili. Ukiimeza saa saba mchana, kilele chake ni saa kumi na moja jioni, katikati ya zamu, ukiwa umesimama mbele ya mkanda wa mashuka na msimamizi anahesabu vipande. Mtu yeyote angeiacha.

Ratiba ambayo ingemfaa tangu mwanzo ni hii: rifampisini akiamka, saa kumi na mbili asubuhi, na maji peke yake, saa moja baadaye chai na mkate, na dawa zote za presha hapohapo. Kilele cha kukojoa kingekuwa saa tano mchana, akiwa nyumbani kwake, choo chake. Hakuna dawa ambayo ingehitaji kuongezwa wala kubadilishwa kwa ajili hiyo.

Daktari yeye, kwa taarifa alizokuwa nazo, alimkemea kidogo kwa upole, akaongeza lisinoprili miligramu 10, ikapanda hadi 20, na Februari 40. Lisinoprili nayo haiguswi na ini, hutoka na figo, ndiyo maana presha ilianza kusogea: 150/92. Ikaonekana dawa mpya imeweza na mgonjwa amejirekebisha. Na kweli alijirekebisha. Aliona aibu kukemewa mbele ya mjukuu, tangu siku hiyo akameza kile cha kukojoza kila siku hata kikimtesa kazini.

Kisha akaanza kukohoa.

Kikohozi kikavu cha kukereta kooni, kibaya zaidi usiku, kisicho na makohozi wala homa. Lisinoprili na dada zake zote ambazo majina yake huishia na "-prili" huleta kikohozi cha namna hii kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, wengine baada ya siku chache, wengine baada ya miezi. Kwa mtu mwingine daktari angebadilisha dawa wiki hiyohiyo. Lakini faili hili lilikuwa na neno TB. Mama akiwa kazini anakohoa, mwenzake akauliza, binti akajibu kwa nia njema kwamba mama yuko kwenye dawa za TB, na jioni hiyo akaambiwa asirudi hadi alete karatasi. Picha ya kifua tena, makohozi mara tatu yaliyopishana kwa saa zisizopungua nane, moja likiwa la alfajiri. Yote safi. Siku tisa za kazi zilipotea bila malipo.

Nyumbani palikuwa na adhabu nyingine. Habari ilifika kanisani, na kanisani habari hazitembei, hukimbia. Wanawake waliokuwa wakipika pamoja Jumapili wakapunguza kuja. Mama mwenyewe alitenga kikombe na sahani yake, akamkataza mjukuu kulala chumba kimoja naye. Kwa TB iliyolala yote hayo ni bure: haiambukizi kwa hewa, kwa kikombe wala kwa chochote. Tatizo liko kwenye tafsiri. Kwa Kiingereza wana maneno mawili ya hali mbili, kwa Kiswahili mkalimani aliyebanwa na dakika anasema "una TB" na kuendelea. Maneno yanayofanya kazi vizuri ni ya mbegu: mbegu iko ardhini, haijaota, dawa ni ya kuichoma kabla haijaota. Mkulima wa Fizi hahitaji maelezo zaidi.

Swali linalobaki ni kwa nini mgongano wa rifampisini na amlodipini haukuonekana na mtu yeyote kwa miezi minne, wakati umo katika kila kitabu cha dawa na kila kompyuta ya duka la dawa hupiga kengele ukiandika majina hayo mawili pamoja. Jibu ni kwamba hayakuandikwa pamoja popote. Rifampisini ilitolewa bure na idara ya afya, mkononi, chupa ya mwezi mmoja kwa kila ziara. Haikupita kwenye bima wala kwenye duka la dawa. Amlodipini ilikuwa kwenye kompyuta ya duka la dawa. Kliniki ilikuwa na barua ya kumpeleka kwa watu wa TB, lakini hakuna aliyerudisha orodha ya dawa walizompa. Karatasi za mfuko wa IOM zilikuwa chini ya kitanda. Orodha nne, kila moja sahihi kwa sehemu yake. Muuguzi wa TB alimwuliza kama anatumia dawa nyingine, akasema ndiyo, za presha. Jina la dawa hakulijua, chupa hakuja nazo, na swali likaishia hapo.

Chupa zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndizo pekee zilizokuwa na ukweli wote. Chupa ya duka la dawa ya Marekani ni ya plastiki, rangi ya machungwa, mfuniko mweupe unaosukumwa chini kabla ya kuzungushwa. Kwenye lebo kuna jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake kwa miligramu, maelekezo, kisha "Qty" ambayo ni idadi ya vidonge, na "Refills", neno ambalo halina ndugu kambini. Refills ikiwa 5 maana yake daktari ameshatoa ruhusa ya kujaza chupa mara tano zaidi bila kumwona: unapiga simu dukani, unataja namba ya Rx (namba ya agizo la dawa iliyo kwenye lebo), unakwenda kuchukua. Mama hakujua. Chupa ya kwanza ilipoisha Novemba alisubiri siku ya kliniki kama Nyarugusu, akakaa siku nne bila dawa. Neno dozi nalo lilichangia: dozi ni kitu kinachokwisha, malaria ina dozi, TB ina dozi. Presha haina dozi ya kumaliza, na mtu lazima amwambie hivyo waziwazi.

Tarehe 1 Aprili 2024 alimeza dozi ya 120 ya rifampisini. Muuguzi wa TB alimpongeza kwa haki kabisa. Kliniki ya presha haikuarifiwa. Presha siku chache kabla ilikuwa 142/88, akiwa na amlodipini 10 isiyofanya kazi, lisinoprili 40 na dawa ya kukojoza 25 kila siku bila kukosa.

Rifampisini ikiondoka, ini hurudi kwenye mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi. Amlodipini ikarudi kazini taratibu, siku baada ya siku, bila mtu kumwongezea hata nukta ya miligramu. Tarehe 17 Aprili, saa moja jioni, kwenye joto la kiwanda, mama aliona giza, akaanguka na kugonga bega kwenye gari la mashuka. Watu wa ambulensi walisoma 92/58. Hospitali kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa imepanda: figo zilizokaushwa na dawa ya kukojoza na jasho, huku lisinoprili ikizinyima njia ya kujikinga. Akatundikiwa maji, akalala usiku mmoja.

Asubuhi yake mfamasia wa wodi aliomba kitu kimoja: binti alete mfuko wenye kila kitu mama anachomeza, pamoja na vilivyokwisha, vya kienyeji na vya sokoni. Aliita mkalimani wa video, akaomba anayejua Kiswahili cha Kongo. Vitu vikapangwa kwenye meza ya chakula: chupa tatu za duka la dawa, chupa tupu ya Rifampin yenye tarehe, pakiti ya vidonge vya maumivu aina ya ibuprofeni alivyokuwa akimeza kwa ajili ya miguu (navyo hupandisha presha na kuumiza figo), na unga wa mizizi kutoka kwa rafiki. Mfamasia aliinua chupa tupu, akauliza ilianza lini na kuisha lini, kisha akaandika tarehe za presha pembeni yake. Mstari wa presha ulipanda baada ya Desemba 4 na kushuka baada ya Aprili 1. Dakika arobaini zilitosha.

Yaliyobadilishwa: lisinoprili ikaachwa, amlodipini 10 ikabaki, dawa ya kukojoza ikasimamishwa hadi figo zitulie na kurudishwa asubuhi badala ya mchana, ibuprofeni ikakatazwa, miguu ikatafutiwa soksi za kubana na parasetamoli. Kikohozi cha lisinoprili kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi nne. Kwake kilikwisha wiki ya tatu. Presha ya Juni: 134/80, kwa zile dawa mbili alizotoka nazo Nyarugusu.

Je, kosa lilikuwa kumpa rifampisini? Hapana. Ni dawa nzuri, fupi, na watu humaliza. Kulikuwa na njia kama tatu. Ya kwanza, isoniazidi kila siku kwa miezi sita au tisa pamoja na vitamini B6. Haiamshi ini kwa namna ile, ila ni ndefu na huangaliwa kwa ukali zaidi upande wa ini. Ya pili, tiba ya wiki 12 ya isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki. Rifapentini ni ndugu wa rifampisini na ina tabia zilezile. Ya tatu, ambayo ingemfaa huyu, ni kuendelea na rifampisini huku presha ikipimwa kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, kuongeza dawa isiyovunjwa na ini endapo itapanda, na, hapa ndipo wengi husahau, kuandika kwenye kalenda siku ya kupunguza: wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi ya mwisho. Kumhamishia losartani kwa sababu ya kikohozi, jambo ambalo daktari yeyote angelifikiria, kusingesaidia sana wakati ule, maana rifampisini huimega losartani pia.

Na si presha tu. Wanawake wenye vijiti vya uzazi mkononi au wanaomeza vidonge vya majira wanapoanzishiwa rifampisini wanaweza kupoteza kinga hiyo kwa sababu ileile, na wengine hugundua kwa mimba. Vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za VVU, za kisukari, za kifafa na za kuzuia damu kuganda. Swali la kumwuliza mtu wa TB ni moja: "Hii inagombana na nini kati ya hizi?" huku chupa zikiwa mezani.

Kwa anayepimia nyumbani, mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, pima mara mbili, andika zote.

Kuhusu fedha, mama alikuwa na bahati ya mwaka. Mwenye kipato cha chini aliyefika 2023 Kentucky aliingia moja kwa moja Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na asiyestahili Medicaid alikuwa na bima ya wakimbizi, RMA, kwa miezi 12. Kwa wanaoanza kustahili tangu tarehe 5 Mei 2025 muda huo ni miezi minne. Hesabu yenyewe inatisha: dozi ya rifampisini ni miezi minne, na haianzi siku ya kutua. Anguko la aina hii lingemkuta bila bima. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inawaondoa pia wakimbizi wasio na grini kadi kwenye Medicaid kuanzia 1 Oktoba 2026. Kutua na mwaka mzima wa kupanga si jambo la kutegemea tena. Orodha ya dawa inabidi iunganishwe wiki za kwanza. Deni la tiketi ya ndege lilimwanzia mama mwezi uleule wa anguko, maana malipo huanza karibu miezi sita baada ya kufika, na zile siku tisa za Februari zilikuwa bado hazijazibika. Shirika lililosimamia mkopo linaweza kuombwa kupunguza kiwango cha mwezi. Huombwa kwa maandishi kabla ya tarehe, si baada ya barua ya pili.

Ule mstari wa Januari ulirekebishwa, lakini kwa kuombwa. Binti aliandika barua ya nusu ukurasa kuomba faili lisahihishwe, akataja kidonge, saa na sababu, na daktari akaongeza maelezo chini yake. Rekodi ya zamani haifutwi.

Kwenye friji sasa kuna karatasi moja ya safu tano: jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, miligramu, saa iliyochorwa, kazi yake kwa neno la nyumbani (tansio, kukojoza), na nani aliyeitoa. Rifampin imo bado, imeandikwa ilianza na kuisha lini, na nyuma yake imebandikwa barua ya idara ya afya ya kumaliza matibabu. Kipimo cha damu cha TB kinaweza kubaki chanya maisha yote hata baada ya kutibiwa, na huenda siku nyingine, mahali pengine, akapimwa tena. Bila barua hiyo wanaweza kuanza naye upya.